Nani Analipia Sahani? Mgahawa wa Kijamii na Njaa ya Mji wa Tanga

 

Nawashukuru waandaaji kwa kunialika, na zaidi kwa kuuweka mhadhara huu jioni. Kumwekea mtu hotuba ya njaa saa saba mchana, naye hajala, kungekuwa kumkosea adabu.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo vijana wetu wengi wanalitaja siku hizi: mgahawa wa kijamii. Ni mgahawa unaouza chakula kama mingine, una wateja, una bei, unalipa kodi, lakini faida yake haiishii mfukoni mwa mwenye mtaji. Inarudi jikoni kumlisha asiye na uwezo wa kununua. Swali nililopewa ni kama jambo hili linaweza kupunguza njaa hapa Tanga. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: kabla ya moto kuwashwa, ijulikane nani analipia sahani ya yule asiye na pesa. Huruma peke yake haijawahi kulipa bili ya maji. Nitalieleza sharti hilo kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: njaa ya mjini ni njaa ya mfuko, na ina msimu wake

Ukiingia soko la Mgandini asubuhi hukosi kitu. Mihogo imepangwa mafungu, nazi zimerundikwa, kisamvu kimeshatwangwa, mbaazi na kunde zimo kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, na machungwa ya Muheza, msimu wake ukifika, yanamwagwa chini kwenye turubai. Hapohapo, mtaa wa pili, yupo mtu aliyekunywa chai ya rangi alfajiri na hajui mlo wa pili utatoka wapi. Chakula kipo. Anachokosa ni njia ya kukifikia.

Mwanauchumi Amartya Sen aliliweka wazi jambo hili mwaka 1981 alipoandika juu ya njaa kuu ya Bengal ya 1943. Alionyesha kwamba watu wanaweza kufa njaa katika nchi ambayo ghala zake hazikupungua sana, kwa sababu ujira wao haukuweza kukimbizana na bei. Hapa kwetu, namshukuru Mungu, hatuzungumzii vifo vya namna ile. Njaa yetu haina kelele. Vipimo vya taifa vya udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano vilikuwa asilimia 42 mwaka 2010, vikashuka hadi 34 mwaka 2015-16, kisha 30 mwaka 2022. Hayo ni maendeleo ya kweli na waliohusika wanastahili pongezi. Lakini asilimia 30 maana yake ni watoto watatu katika kila kumi, na wengi wao hawalali na tumbo tupu. Wanalala na tumbo lililojazwa ugali na chai, bila dagaa, bila maharage, bila mboga, bila maziwa.

Mji wetu una sababu zake pia. Tanga ilijengwa juu ya mkonge. Mmea huo uliletwa na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 za katani, sehemu kubwa ikitoka mkoa huu. Shamba la mkonge lilikuwa na ukatili wake, nasi wajukuu wa manamba, vibarua wa mashamba hayo, tunaujua, lakini lilitoa posho: unga na maharage vilivyopimwa kwa kibaba. Kamba za plastiki zilipoangusha bei ya katani duniani, posho ile ikaondoka pamoja na mshahara. Baadaye viwanda kadhaa vya mjini navyo vikafunga milango. Watu walibaki, soko likabaki, ila pesa ya uhakika ya mwisho wa mwezi ikapungua.

Halafu kuna msimu. Mtazame mvuvi wa Sahare au Kigombe. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, chombo kidogo hakithubutu kwenda mbali. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, kwa hiyo mwezi ukipevuka taa hazina kazi na mvuvi anakaa pwani. Kipato chake kinahesabiwa kwa upepo na kwa mwezi wa angani, ilhali mwenye nyumba anahesabu kodi kwa mwezi wa kalenda. Ongezeni masika, wakati akiba ya mahindi ya mwaka jana imekwisha, mapya hayajakomaa, na debe la mahindi limepanda bei. Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mtu huyu analegea kwa majira, na majira yanajulikana. Kwa hiyo msaada wake nao unaweza kupangwa kwa majira.

Ninachotaka mkibebe kutoka hoja hii ni kwamba mgahawa hauongezi hata punje moja ya mahindi nchini. Unachoweza ni kuziba pengo kati ya chakula kilichopo na mfuko uliotoboka, kwa saa fulani na kwa msimu fulani. Anayeahidi zaidi ya hapo anawadanganya.

Hoja ya pili: pwani hii imelijua swali la malipo tangu zamani

Kuna wanaodhani biashara inayolisha maskini ni fikra iliyoshuka na ndege. Nitataja mambo mawili, moja chungu na moja tamu.

La uchungu ni la ndugu zetu Wazigua. Katika miaka ya 1830 ukame uliipiga nchi ya Uzigua, na watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Simulizi zinasema waliahidiwa kazi na shibe ng'ambo, wakapanda majahazi. Wengi waliishia kuwa watumwa, na baadhi wakafikishwa mpaka bonde la mto Juba nchini Somalia. Wajukuu wao walibaki huko zaidi ya karne moja na nusu, wakiendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowatoa, baadhi yao walirudi, na leo wako Chogo, Handeni, mkoani humuhumu, wakiwa raia. Mwanahistoria James Giblin naye, katika kitabu chake cha 1992 juu ya Tanzania ya kaskazini mashariki, ameeleza jinsi wakuu wenye mali walivyoweka akiba na kuwalisha wafuasi wao wakati wa ukame, na jinsi ukoloni ulipovunja nguvu za wakuu hao ukame uleule ulivyogeuka kuwa maafa. Hata hivyo akiba ile haikuwa ya bure. Mtu aliilipia kwa utii, kwa kazi, pengine kwa mtoto aliyewekwa rehani. Tuwe macho, basi. Chakula kinachoitwa cha bure mara nyingi kina mlipaji, na mara nyingine mlipaji ni mlaji mwenyewe, bila kujua.

La utamu ni wakfu. Mashekhe mtaniwia radhi nikiwafundisha mnachokijua. Mtu anatoa nyumba, duka au shamba la minazi. Mali yenyewe haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Kodi yake au mazao yake ndiyo yanayotumika kwa kusudi alilolitaja mtoaji, iwe msikiti, madrasa, au kulisha wahitaji. Hiyo ni biashara yenye kazi ya kijamii, yenye mtaji uliofungwa usiliwe. Mwaka 1552 Haseki Hürrem Sultan, mke wa Sultan Süleyman, aliweka wakfu wa jiko kubwa mjini Jerusalem. Vijiji, vinu na mabafu vilifungwa kwenye hati, na mapato yake yakanunua ngano na nyama ya mchuzi wa maskini. Jiko hilo liliendelea kulisha watu kwa karne nyingi, kwa sababu mwanzilishi alipofariki, vijiji na vinu viliendelea kulipa. Jirani zetu Zanzibar wanayo Kamisheni ya Wakfu kwa mujibu wa sheria. Chombo tunakifahamu. Tumezoea tu kukitazama kama cha kujengea misikiti peke yake.

Hoja ya tatu: kuna njia nne za kulipia sahani, na kila moja ina mahali inapokatika

Hapa ndipo penye nyama, nami nitatulia kidogo.

Njia ya kwanza, mteja mwenye nacho anamlipia asiye nacho. Desemba 2016, mjini Madrid, shirika la Mensajeros de la Paz la padri Ángel García lilifungua mgahawa ulioitwa Robin Hood. Asubuhi na mchana walikula wanaolipa. Jioni meza zilezile zilitandikwa vitambaa, wahudumu walipita na menyu, na waliokaa walikuwa watu wasio na makazi. Hawakulipa.

Njia hii inapendeza, lakini tuipigie hesabu za kwetu. Nachukua tarakimu za mfano tu. Tuseme mgahawa unauza sahani 100 kwa siku, kila moja shilingi 2,500. Vyakula vya sahani moja vinagharimu 1,300, kwa hiyo kila sahani inabakiza 1,200, jumla 120,000. Kodi ya jengo, mishahara, maji, gesi na usafi ni 80,000 kwa siku, uuze usiuze. Zinabaki 40,000. Kama ugali, maharage ya nazi na mchicha kwa mhitaji mmoja vinagharimu 800, umelisha watu 50. Vizuri sana. Sasa mvua ya masika inanyesha wiki nzima na wateja wanakuwa 70. Zinabaki 84,000, toa 80,000, una 4,000. Umelisha watu watano. Wateja 30 wamepungua, sahani 45 za wahitaji zimepotea. (Naona dada zangu mama lishe pale nyuma mnatikisa vichwa. Nyinyi hesabu hii mnaifanya kila siku bila kalamu.) Na angalieni ubaya wake: masika ileile inayomfukuza mteja ndiyo inayoongeza wahitaji.

Nasi tuna jambo ambalo Madrid hawanalo. Mwezi wa Ramadhani mauzo ya mchana mjini hapa hushuka sana, na vibanda vingi hufunga mpaka jioni. Mgahawa unaotegemea mteja wa mchana peke yake utakuwa na mwezi mzima wa hasara, katika mwezi ambao watu wana moyo wa kutoa kuliko mwezi mwingine wowote. Mpango usipoandikwa mapema, jiko litakaa baridi huku futari zikitafutiwa mpishi.

Njia ya pili, kila mtu alipe anachoweza. Mwaka 2010 kampuni kubwa ya mikate ya Marekani, Panera, ilifungua karibu na St. Louis mgahawa wa hisani usio na bei maalumu, wa kwanza wa mpango wake wa Panera Cares. Bei zilipendekezwa tu. Kampuni ilieleza kwamba takriban asilimia 60 ya wateja walilipa kiasi kilichopendekezwa, 20 walizidisha, na 20 walilipa pungufu au hawakulipa. Mtu akizisoma tarakimu hizo anaona mambo yamesawazika. Lakini migahawa hiyo ilifungwa mmoja mmoja, na wa mwisho, wa Boston, ulifungwa Februari 2019 baada ya kampuni kukiri kwamba hauwezi tena kuendelea. Hiari inafanya kazi mahali watu wanapojuana na kuoneana haya. Kwenye njia ya wapita njia, kuona haya ni haba na kodi ya jengo haina hiari.

Njia ya tatu, serikali ya mji ilipe. Mji wa Belo Horizonte, Brazil, ulitunga mwaka 1993 sera ya mji mzima juu ya haki ya chakula, na mwaka uliofuata ukafungua mgahawa wa umma uitwao Restaurante Popular. Bei ni ya chini, ruzuku inatoka kwenye bajeti ya mji, na anayeingia haulizwi kipato chake. Karani wa benki anakula pembeni ya mwokota chupa. Chennai, India, nako mwaka 2013 zilianzishwa kantini za Amma, lakabu ya kiongozi wa jimbo wa wakati huo, zikiuza idli moja, yaani kitumbua cha mchele cha mvuke, kwa rupia moja, wapishi wakiwa ni kina mama wa vikundi vya kusaidiana. Nguvu ya njia hii ni ukubwa wake. Udhaifu wake ni kwamba sahani inakuwa na picha ya mwanasiasa, na mwanasiasa akibadilika, sahani nayo inatikisika.

Njia ya nne, kugawana mzigo kwa mgawo ulioandikwa. Kwa hili tuna mfano wa jirani kabisa. Mwaka 2012 binti wa Kikenya, Wawira Njiru, akiwa mwanafunzi nchini Australia, aliandaa chakula cha jioni cha kuchangisha fedha, na kilichopatikana kikaanzisha jiko dogo Ruiru, la kulisha watoto 25. Ndilo lililokuja kuwa shirika la Food for Education. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilishirikiana nao kuanzisha Dishi na County: mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, na kilichobaki kinabebwa na kaunti pamoja na shirika na wafadhili wake. Jiko lao kubwa la Nairobi lilijengwa liweze kupika milo 60,000 kwa siku, na kufikia 2024 shirika lilikuwa likilisha zaidi ya wanafunzi 300,000 kila siku ya shule, Mombasa wakiwemo. Mombasa si mbali. Ukitoka hapa asubuhi kwa basi, ukapita mpaka wa Horohoro, alasiri uko Likoni.

Msinielewe vibaya. Shilingi 5 haziwezi kupika wali na ndengu, na bila wafadhili jiko lile lisingesimama. Lakini shilingi 5 zina kazi yake. Mzazi aliyelipa ana kauli: wali ukiwa mbichi, anakwenda shuleni kuuliza. Na kwa sababu kila mmoja anajua fungu lake, mmoja akichelewa anafahamika ni nani.

Kutokana na njia hizo nne, pendekezo langu kwa Tanga ni kwamba tusitafute mlipaji mmoja. Kodi ya jengo ilipwe na wakfu. Mshahara wa mpishi ulipwe na mteja. Mboga ya mhitaji ilipwe na sadaka pamoja na ziada ya mauzo. Chakula cha mtoto wa shule kilipwe na mzazi, halmashauri na wafadhili, kwa mgawo ulioandikwa na kusainiwa. Turudi kwenye mfano wetu wa masika. Kama katika zile 80,000 kodi ya jengo ni 30,000, na jengo ni la wakfu, basi siku ya wateja 70 inabakiza 34,000 badala ya 4,000. Wahitaji 42 wanakula, badala ya watano. Tofauti hiyo imeletwa na hati ya jengo, wala hakuna aliyeongeza huruma.

Ila vitabu vitenganishwe. Zaka ina mafungu yake manane na haiingizwi kwenye bili ya gesi ya mgahawa wa biashara. Fungu la kumi la kanisani nalo lina taratibu zake. Mhasibu wa mgahawa huu awe na daftari la mauzo, daftari la sadaka na daftari la wakfu, na jumla zake zibandikwe ukutani kila mwezi mahali mteja anaposubiri chenji.

Hoja ya nne: heshima ya mlaji ni sehemu ya lishe

Mpe mtu chakula kwa namna ya kumwaibisha, atakula leo, kesho atapita njia nyingine. Wenye njaa wa mji huu wengi ni watu wenye majina yao: babu aliyekuwa fundi kiwandani, mama mwenye mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bombo, anayelala barazani na kumpelekea mgonjwa uji huku yeye mwenyewe hajala, kijana wa bodaboda aliyekosa abiria. Hakuna kati yao atakayesimama kwenye foleni yenye bango la "Wasiojiweza".

Food for Education walilitatua hili kwa bangili. Kila mtoto anavaa mkononi bangili yenye kifaa kidogo ndani. Mzazi analipia kwa simu, mtoto anagusisha bangili kwenye mashine, anapakuliwa. Aliyelipiwa na mzazi na aliyelipiwa na mfadhili wanagusisha vilevile. Mtoto wa nyuma yake hajui, wala mpakuaji hana haja ya kujua.

Sisi hatuhitaji kuanza na mashine. Tiketi ya karatasi inatosha, ilimradi wote waingie kwa tiketi. Anayelipa ananunua kaunta. Asiyeweza anapewa na mjumbe wa nyumba kumi, imamu, katekista au muuguzi, kimyakimya, kabla ya kufika. Mlangoni tiketi ni moja, rangi moja, na sahani ni moja. Nasisitiza hilo la sahani. Ukianza kupika maharage ya wanaolipa kwa nazi na ya wasiolipa kwa maji matupu, umejenga migahawa miwili chini ya paa moja, na mtaa mzima utajua ndani ya wiki. Tanga hii, mambo hayakai.

Hoja ya tano: wenye mgahawa wawe kina mama lishe

Sasa naingia uwanja wa wenyewe, na nitasema kwa tahadhari.

Nenda kwenye kibanda chochote karibu na stendi ya Kange au pwani ya Deep Sea, ukae mpaka saa kumi jioni. Sufuria ya wali imebaki ukoko. Mama lishe anaumwagia maji kidogo, anaufunika, anarudisha makaa mawili matatu chini. Baada ya muda ukoko umelainika, unabanduka. Watoto wawili wa mtaani, ambao hakuna aliyewaita, wamekwisha kaa kwenye benchi. Anauweka kwenye sahani, anauchanganya na mchuzi uliobaki, anawapa, na anaendelea kuosha vyombo bila kusema neno. Kisha anafungua daftari lake lenye jalada lililochakaa: huyu anadaiwa wali nusu wa juzi, yule chapati mbili, yule mvuvi atalipa usiku wa giza ukirudi. Mapato yake ya siku, ruzuku yake kwa mtaa na benki yake ya mikopo midogo vyote vimo humo.

Kina mama hawa wamelisha miji yetu tangu uchumi ulipobana miaka ya 1980, na shukrani waliyopata mwanzoni ilikuwa msako. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, wengi wa wanaojitafutia riziki mjini walihesabiwa kama watu wasio na kazi. Ilichukua muda mrefu mpaka Desemba 2018, vilipotolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vikiwatambua kuwa wana kazi inayostahili kuachwa ifanyike.

Basi fikirini: anakuja mfadhili mwenye nia njema, anafungua mgahawa wa kijamii wenye sahani ya shilingi 1,000, hatua ishirini kutoka kibanda hicho. Mwezi wa tatu mama lishe amefunga. Umemlisha bodaboda, umemwongeza mama na watoto wake kwenye orodha ya wenye njaa, na watoto wale wa ukoko hawana tena pa kukaa. Mgahawa wa kijamii unaweza kuua mgahawa wa kijamii uliokuwepo tayari, ambao haukuwa na bango wala mradi.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu tofauti. Tiketi ile niliyoitaja ikubalike kwenye vibanda vya kina mama lishe walioandikishwa, nao wazibadilishe kwa fedha taslimu kila Ijumaa bila kuzungushwa. Kuwe na jiko moja la pamoja, mali ya ushirika wao, la kazi zile zinazowamaliza wakizifanya mmoja mmoja. Chukua maharage. Kuyachemsha kwenye jiko la mkaa mpaka yaive kunachukua saa nyingi na kopo kwa kopo la mkaa, kiasi kwamba wengine wameyaacha kabisa, na mlaji akabaki na wali na mchuzi mwembamba. Yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye chungu kikubwa cha mvuke au cha gesi kwa ajili ya vibanda 30, kila mama anachota ndoo yake asubuhi, anaunga kwa nazi yake na kwa mkono wake. Ladha inabaki ya kwake, moto unakuwa wa wote.

Jiko la pamoja lina faida nyingine tatu. Kwanza, serikali imepiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuanzia 2024, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Kibanda kimoja hakiwezi kununua mtambo, ushirika unaweza. Pili, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hutolewa zaidi kwa vikundi. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024, na wanawake wanaofikiriwa ni walio katika kikundi kilichosajiliwa. Tatu, mnunuzi mkubwa ana sauti. Ushirika unaweza kuagiza mbaazi na kunde za Handeni wakati wa mavuno na kuziweka, kukausha dagaa wa msimu wa kaskazi kwa ajili ya kusi, kuchukua machungwa ya Muheza yanayokosa lori, na kukubaliana bei ya maziwa. Kwa maziwa tunao mfano nyumbani: wafugaji wadogo wa mkoa huu, kupitia ushirika wao wa TDCU, wana hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh. Mwenye ng'ombe wawili ana sehemu katika kiwanda. Sioni kwa nini mwenye sufuria mbili asiwe na sehemu katika jiko.

Hitimisho: kazi iliyo mbele

Mabibi na mabwana, mji huu unaingia katika kipindi kipya. Bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Kutakuwa na wafanyakazi wanaolishwa kwa mikataba, na mikataba hiyo ama itakwenda kwa kampuni za mbali zinazoleta chakula kwenye makontena, ama itakuja kwa ushirika wa wapishi wa hapahapa. Mkataba mmoja wa milo ya mchana, wa mwaka mzima, unaolipa kwa wakati, unaweza kuwa ndiye yule mteja wa kulipa ambaye masika haimfukuzi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mashekhe, wachungaji na wenye mali mkae pamoja muone ni jengo lipi linaweza kufungwa kwa wakfu au kwa amana ya namna hiyo, litumike kwa jiko. Halmashauri iandike kwenye zabuni zake za chakula, na kuwashauri wawekezaji, kwamba vikundi vya mama lishe vipewe fungu. Kina mama lishe mchague wenzenu wachache wa kuandika kanuni za ushirika, mkiwa na ofisa ushirika mezani, kabla mfadhili yeyote hajafika na kanuni zake.

Tuanze na jaribio la msimu mmoja wa kusi, katika kata moja, kwa wahitaji wachache ambao tutaweza kuwalisha kila siku bila kuruka. Tupime vitu vinavyopimika: tiketi ngapi zilitolewa na ngapi zilirudi, kibanda gani kiliongeza mauzo na kipi kilipunguza, watoto wangapi walibaki darasani mchana, na siku ngapi jiko lilishindwa na kwa nini. Kaskazi itakapoanza kuvuma, matokeo yasomwe hadharani, hata yakiwa mabaya, na kata ya pili iamue kwa kuyaona. Wanafunzi mliopo hapa, hasa mnaosoma uhasibu na lishe, kazi hiyo ya kupima ni yenu, na mama lishe yuko tayari kuwaonyesha daftari lake mkimwendea kwa adabu.

Nimemaliza. Mwenyekiti ameniahidi dakika ishirini za maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa waliokaa nyuma.